UZI: Kivuko cha reli kinahesabiwa kuanzia upande wa pili. Madereva, mafundi ishara na trafiki, tujuzane

GiaYaKwanza (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Kila anayejifunza udereva anaimbishwa maneno matatu kuhusu kivuko cha reli: simama, tazama, sikiliza. Maneno hayana kosa, ila yote yanaishia upande wa huku. Hakuna anayemwambia mwanafunzi apime kule anakotokea, na gari refu linaponasa, linanasa kwa sababu ya kule. Nataka uzi huu tuujaze hesabu, siyo mahubiri.

Chukua semi yenye mzigo, urefu mita 20, imesimama mita 5 kabla ya reli ya kwanza. Ili iwe salama, mkia wake uwe umepita reli ya mwisho kwa mita 5. Ongeza upana wa njia yenyewe, mita 1.5. Jumla ni mita 31.5. Semi yenye mzigo ikiwa gia ya chini inapata mwendo polepole: tuseme inafika mita 2.7 kwa sekunde (karibu kilomita 10 kwa saa) baada ya sekunde 6, na hapo imesogea mita 8 tu. Mita 23.5 zilizobaki zinakula sekunde 9 hivi. Weka sekunde 2 za kutazama pande zote na kuamua. Umefika sekunde 17.

Sasa treni. Kwa kilomita 80 kwa saa inakwenda mita 22 kila sekunde. Ndani ya sekunde 17 imekula karibu mita 380. Maana yake ni kwamba unapotoa mguu kwenye breki, reli inabidi iwe tupu mita 380 kushoto na mita 380 kulia. Ikiwa treni za njia hiyo zinakwenda 120, ni mita 570. Kama kichaka, kona au ghala linakuzuia kuona umbali huo, basi hujatazama, umegeuza shingo tu.

Kuhusu gia: chagua moja ya kukuvusha mpaka mwisho, usibadilishe ukiwa juu ya reli. Sheria ya Marekani kwa magari yanayolazimika kusimama kwenye kivuko inakataza waziwazi kubadilisha gia wakati wa kuvuka, na inataka gari lisimame kati ya mita 4.5 na 15 kutoka reli ya karibu. Sababu si ya kisomi. Gia ikigoma kuingia na mzigo umelala juu ya mataruma (zile mbao au zege zinazobeba reli), unabaki na tani 40 zisizo na mwendo. Wenye otomatiki, ifungeni gia ya chini kwa mkono, maana boksi nyingine hupandisha gia yenyewe katikati ya kivuko na kukuacha bila nguvu kwa nusu sekunde.

Nawaachia wengine.

---

Dereva_Mgeni

Mkuu asante kwa somo. Swali la kijinga: kwenye kivuko chenye taa na geti, si taa zinawaka mapema? Nimesoma kuna sekunde 20. Wewe umesema 17. Zinatosha au hazitoshi?

---

FundiIshara

Si swali la kijinga hata kidogo. Hapo ndipo wengi hupotea.

Sekunde 20 ni kiwango cha chini cha Marekani, kuanzia taa zinapoanza kumweka hadi treni ya kawaida inapofika. Ndani yake kuna mgawanyo: geti haliruhusiwi kuanza kushuka kabla ya sekunde 3 tangu taa ziwake, na lazima liwe limelala kabisa sekunde 5 kabla treni haijafika. Kwa hiyo semi ya mwanzisha uzi, ikiwa imeanza kuondoka sekunde ileile taa zinapowaka, itapita, lakini geti litalishukia tela. Na hapo ndipo dereva asiyejua anafanya kosa kubwa kuliko yote: anakanyaga breki ili asivunje geti.

USISIMAME. Mkono wa geti umetengenezwa uvunjike. Ni mbao, alumini au faibaglasi, na pale unapoungana na mlingoti kuna boliti zinazokatika kwa makusudi. Kulirudisha ni kazi fupi ya fundi. Ukijikuta umefungiwa ndani, endesha mbele upite nalo.

Sasa kwa nini muda wa kusubiri unabadilikabadilika, kitu kinachowafanya watu waanze kutanua? Mfumo wa kawaida unapitisha umeme mdogo kwenye reli mbili za njia moja. Ekseli ya treni ikiingia kwenye kipande hicho inaziunganisha reli, umeme haufiki tena kwenye rilei (swichi inayoshikiliwa na umeme), rilei inaachia, taa zinawaka. Urefu wa kipande unapangwa kwa treni yenye kasi kuliko zote za njia hiyo. Kwa kilomita 100 kwa saa na sekunde 25, unahitaji karibu mita 700. Treni ya mizigo ikija na kilomita 20 kwa saa, mita hizohizo 700 zinaichukua sekunde 126. Dakika mbili na ushee geti limelala, dereva haoni kitu, anaamini limeharibika.

Iko mitambo inayopima jinsi umeme wa kwenye reli unavyobadilika treni ikikaribia, inakadiria mwendo wake na kutoa onyo la muda uleule kwa treni ya haraka na ya polepole. Ni ghali zaidi, lakini ukiniuliza ni wapi pesa ya kwanza iende, nitasema hapo kabla ya kamera. Dereva anaheshimu geti linalosema kweli kila mara.

---

Mtani wa Reli

Na geti lililoganda chini saa nzima na hakuna treni, je? Tukae hadi kesho?

---

FundiIshara

Mkuu, elewa kwanza kwa nini limeganda. Mfumo wote umepangwa ukifa ufe upande wa usalama. Reli ikikatika, waya ukiibiwa, betri ikiisha, rilei inaachia kana kwamba treni imefika. Mkono wenyewe unashuka kwa uzito wake. Umeme ndio unaoushikilia juu. Kwa hiyo geti lililolala bila treni mara nyingi linakuambia kuna hitilafu. Lakini halikuambii hitilafu iko wapi, na treni bado zinapita.

Cha kufanya: tafuta kibao cha namba ya kivuko. Marekani ni kibao cha bluu, kina namba ya simu ya reli na utambulisho wa kivuko wenye tarakimu sita na herufi moja. Uingereza vivuko vingi vina simu palepale. Piga, taja namba ya kivuko, useme geti limelala tangu lini. Wao wanaweza kuzipunguzia treni mwendo na kumtuma mtu. Kama haiwezekani, geuza upite njia nyingine. Kulizunguka kwa hukumu yako mwenyewe ni kosa kisheria hata kama lilikuwa bovu kweli.

Kuna upande wa pili ambao madereva hawausikii: mfumo unaweza pia kushindwa kuiona treni. Reli isiyotumika mara kwa mara inashika kutu, mchanga na majani yaliyosagika yanatengeneza utando, magurudumu hayaziunganishi reli vizuri. Ndiyo maana hata taa zikiwa zimezimwa bado unatazama.

---

KichwaChaTreni

Naomba niingie kwa upande wa wanaokaa mbele ya kichwa.

Treni ndefu ya mizigo ikiwa kilomita 90 kwa saa inaweza kuhitaji zaidi ya kilomita moja na nusu kusimama, breki ya dharura ikiwa imeshavutwa. Yaani dereva wa treni akikuona umenasa, kwa kawaida ameshachelewa. Kazi yake iliyobaki ni honi na breki, halafu kujilaza chini.

Pili, behewa ni pana kuliko reli. Linatokeza karibu mita moja kila upande. Bampa iliyosimama nusu mita nje ya reli inagongwa. Wanaosimama juu ya mistari kusubiri foleni wanadhani wako nje kwa sababu tairi haligusi chuma.

Tatu, macho yanakudanganya. Mwanasaikolojia Herschel Leibowitz aliliandikia jambo hili mwaka 1985: kitu kikubwa huonekana kwenda polepole kuliko mwendo wake halisi. Jipime mwenyewe. Nyoosha mkono, mkono wenye urefu wa sentimita 60. Uso wa treni wenye upana wa mita 3 ukiwa mita 600 unafunikwa na milimita 3 kwenye ncha ya kidole chako. Ukiwa mita 300, milimita 6. Kwa kilomita 120 kwa saa, kutoka milimita 3 hadi 6 kunapita sekunde 9, na wewe umeona kadoa kamekua kidogo tu. Zimebaki sekunde 9 nyingine. Hicho ndicho watu wanachokiita "ilikuwa mbali".

Honi: kanuni ya Marekani ni ianze sekunde 15 hadi 20 kabla ya kivuko, milio miwili mirefu, mmoja mfupi, mmoja mrefu, desibeli 96 hadi 110 ikipimwa mita 30 mbele ya kichwa. Ni kelele kubwa ukiwa nje. Ndani ya kebini yenye vioo vilivyofungwa, feni ya eesii na redio, kinachobaki ni kidogo. Shusha vioo viwili, cha kwako na cha utingo, siyo kimoja, na uzime redio na feni.

---

MamaSemi

Ongeza hapo treni ya pili. Kwenye njia mbili, ya kwanza ikipita watu wanaachia klachi kabla mkia wake haujafika mbali, na mkia huohuo ndio unaoificha inayotoka upande wa pili. Kama geti halijanyanyuka, kuna sababu. Kama hakuna geti wala taa, subiri mpaka uione njia ya pili yote, pande zote mbili.

Na mabehewa yaliyoegeshwa karibu na kivuko ni ukuta uleule.

---

LobediTu

Mwanzisha uzi amesema urefu, mimi naleta tumbo la gari. Vivuko vingi viko kwenye kichuguu. Kisa chake ni hiki: kila watu wa reli wanapoinua njia na kushindilia kokoto, mataruma yanapanda sentimita kadhaa, lakini lami ya pande mbili inabaki palepale. Baada ya miaka kumi una mgongo wa ngamia. Mwongozo wa wasanifu wa barabara Marekani unataka, mita 9 kutoka reli, uso wa barabara usitofautiane na kichwa cha reli kwa zaidi ya milimita 75. Tembea kwenye vivuko vya zamani uone wangapi wanakidhi.

Hesabu ni nyepesi. Pima umbali kati ya ekseli ya mwisho ya kichwa cha lori na ekseli ya kwanza ya tela. Ugawe kwa mbili, zidisha kwa mteremko wa barabara. Lobedi (tela la tumbo la chini la kubebea mizigo mizito) yenye mita 11 hapo katikati, kwenye kichuguu chenye mteremko wa asilimia 3 kila upande: 5.5 mara 0.03 ni sentimita 16.5. Kama tumbo lako liko sentimita 15 juu ya ardhi, umekaa juu ya reli. Kwa asilimia 5 ni sentimita 27.5, na hapo hata semi ya kawaida ambayo utingo hakuipandisha miguu ya tela mpaka mwisho inanasa kwa miguu. Miguu ipandishwe hadi mkono wa kuzungushia ugome, usiache nusu eti unashusha karibuni.

Mteremko utaupataje? Usiku wa kabla ya safari, siyo siku yenyewe na foleni nyuma yako. Funga kamba kati ya fimbo mbili zenye urefu sawa, moja kila upande wa kichuguu, kwa umbali ule wa ekseli zako. Kwenye kilele, umbali wa kamba hadi reli utakuwa mfupi kuliko fimbo. Tofauti hiyo ndiyo inayokula nafasi ya tumbo lako, hakuna haja ya asilimia.

(Pima ukiwa umeongea na reli na umepewa muda. Kusimama na kamba juu ya njia bila mtu wa reli ni upuuzi.)

Biloxi, Mississippi, tarehe 7 Machi 2017, basi la abiria lilinasa tumbo kwenye kivuko cha namna hii na treni ya mizigo ikaligonga. Watu 4 walikufa. Halikuwa lobedi, lilikuwa basi. Mabasi marefu ya kisasa yana tumbo la chini na ekseli zilizo mbali mbali, hesabu ni ileile.

Na mzigo mkubwa unaokwenda kwa mwendo wa kobe: Hixon, Uingereza, 6 Januari 1968. Gari lililobeba transfoma ya tani 120, urefu wote mita 45 hivi, lilikuwa likivuka kwa kilomita 3 kwa saa. Kwa mwendo huo mita 45 ni sekunde 54. Onyo la geti la otomatiki lilikuwa sekunde 24. Watu 11 walikufa. Simu ya kuwauliza waongozaji treni ilikuwepo kivukoni, haikupigwa. Mwenye mzigo usio wa kawaida halindwi na geti. Anapiga simu, anapewa ruhusa, anavuka, anapiga tena kusema ametoka.

---

Kipenga

Naona sasa tuguse usimamizi wa sheria, maana kila mtu anasema "trafiki wakae pale" bila kusema wafanye nini.

Kwanza nani wa kumwandikia. Taa zikiwaka, gari lililo karibu sana haliwezi kusimama, na kumwandikia huyo ni uonevu utakaoanguka mahakamani. Hesabu: gari dogo kwa kilomita 60 kwa saa linasafiri mita 16.7 kwa sekunde. Sekunde 1.5 za dereva kushtuka ni mita 25, breki ya kawaida inakula mita 40 nyingine. Jumla mita 65, ambazo kwa mwendo huo ni sekunde 4. Aliyevuka mstari ndani ya sekunde 4 za kwanza mwache. Aliyevuka baada ya hapo alikuwa na nafasi ya kusimama. Lori lenye breki za upepo mpe sekunde 5 na nusu, kwa sababu upepo unachelewa kufika kwenye chemba za breki na lori lenyewe halikamati kama gari dogo. Kwa mwendo wa 80 ongeza karibu sekunde moja.

Pili ushahidi. "Niliona taa zinawaka" haitoshi. Vivuko vingi vya kisasa vina kinasa matukio kinachoandika sekunde taa zilipowaka, geti lilipoanza kushuka, treni ilipofika. Kinasa hicho kina saa yake, na kamera ya askari ina saa yake. Kabla ya kuanza zamu, zilinganishe na uandike tofauti kwenye daftari. Tofauti ya sekunde 6 ambayo hukuiandika inaua kesi zote za siku hiyo.

Tatu mahali pa kumsimamisha mkosaji, na hapa wengi huharibu. Ukimsimamisha mita 20 baada ya reli, foleni inarudi nyuma hadi juu ya reli na askari ndiye aliyeitengeneza. Msimamishe mbali, upande wa kutokea, penye nafasi ya malori matatu nje ya barabara. Bora wawe wawili: mmoja anaona na kutaja gari kwa redio, mwingine anasimamisha mbele.

Marekani shirika la Operation Lifesaver, lililoanzia Idaho mwaka 1972, lina zoezi la kumpandisha askari kwenye kichwa cha treni. Anaona makosa kutoka mbele na kuwatajia wenzake walio barabarani. Linafanya kazi kwa sababu mkosaji anaangalia gari la polisi, hategemei askari awe ndani ya treni.

---

GiaYaKwanza

Kipenga, hapo kwenye nani wa kumwandikia umesahau kundi ambalo uzi huu unalihusu. Anayezunguka geti anaonekana, anaudhi, anapigwa faini. Anayeingia kivukoni taa zikiwa zimezimwa, akasimama juu ya reli kwa sababu mbele kuna foleni, hakuna anayemgusa.

---

Kipenga

Kweli, na sheria ipo. Mkataba wa Vienna wa 1968 unasema dereva asiingie kivukoni bila kuhakikisha kwamba hatalazimika kusimama juu yake. Marekani kwa wenye leseni za magari ya biashara yapo makosa sita ya kivuko yanayofungia leseni: siku 60 kwa kosa la kwanza, 120 kwa la pili ndani ya miaka mitatu, mwaka mzima kwa la tatu. Katika hayo sita, moja ni kuingia bila nafasi ya kutosha ya kutokea, na jingine ni kunasa kwa sababu ya tumbo la gari kuwa chini. Dereva haruhusiwi kusema "sikujua kichuguu ni kirefu". Na mwajiri aliyemtuma kwa kujua naye anatozwa.

Ni rahisi kuliko kukimbizana na wazunguka geti: kosa linadumu dakika nzima mbele ya kamera. Kinachohitajika ni picha inayoonyesha mambo matatu kwa pamoja, yaani namba ya gari, reli chini yake, na foleni mbele yake iliyokuwepo kabla hajaingia. La tatu ndilo husahaulika.

---

Mchora Barabara

Msilaumu dereva peke yake. Fox River Grove, Illinois, tarehe 25 Oktoba 1995: basi la shule lilivuka reli likasimama kwenye taa za njia panda, kwa sababu kati ya reli na mstari wa taa hapakuwa na nafasi ya urefu wake. Sehemu ya nyuma ilibaki kwenye njia ya treni. Wanafunzi 7 walikufa. Taa za barabarani zilikuwa zimeunganishwa na mfumo wa reli ili zitoe kijani na kuisafisha njia treni inapokuja, lakini muda uliopangwa haukutosha.

Kwa hiyo kwenye kila kivuko kilicho karibu na njia panda, kagua vitu vitatu: mita za kusubiria baada ya reli ukilinganisha na gari refu linaloruhusiwa barabara ile, kama taa za barabara zinapata taarifa ya treni, na kama mtu wa reli na mtu wa taa wamewahi kupima muda huo WAKIWA PAMOJA, kwa treni halisi. Barabara ikiongezwa njia au reli ikipandishwa mwendo, kipimo cha zamani kimekufa.

Na wanaotanua: nguzo za plastiki zinazopinda au ukingo wa zege katikati ya barabara, mita 18 hadi 30 kabla ya geti, unawakatia njia bila askari wala faini. Geti nne nazo zinafanya kazi, mbili za kuingilia na mbili za kutokea. Zile za kutokea zinachelewa kushuka ili aliye ndani atoke, na hupangwa zikikosa umeme zibaki juu. Kamera naikubali, ila inakutumia barua baada ya siku kadhaa. Ukingo unakuzuia leo.

---

Dereva_Mgeni

Gari likizimika juu ya reli hatua ni zipi kwa mpangilio? Nimesikia kuna ujanja wa kupiga stata likiwa kwenye gia.

---

MamaSemi

Watu kwanza. Wote nje, mpaka mtoto aliyelala. Ondokeni kwenye reli, kisha nendeni kwa mshazari mkielekea upande treni inakotokea. Mabaki ya gari hurushwa kule treni inakokwenda, anayekimbilia huko anafuatwa na vyuma. Halafu simu, namba ya kibaoni. Kama hakuna kibao, polisi, na uwatajie jina la barabara na vituo vya treni vya pande mbili. Baada ya simu, kama mko wawili, mmoja aende mbali pembeni mwa reli kuipungia treni taa au kitambaa. Kumbuka ile kilomita na nusu. Mita 100 hazisaidii kitu.

Ujanja wa stata upo: gia ya kwanza, klachi imeachiwa, ufunguo, stata inaliburuta gari. Siupendi. Magari mengi ya sasa yana swichi kwenye klachi, stata haigeuki bila kuikanyaga. Otomatiki haiwezekani kabisa.

---

LobediTu

Mama, kwa gari dogo la zamani la manyuo mita tatu zinatosha kulitoa, nisingeutupa ujanja huo. Lakini kwa masharti: simu imeshapigwa, abiria wako nje, taa hazijawaka, na ndani yupo mtu mmoja tu. Jaribu sekunde kumi, likigoma shuka. Kwenye lori sahau. Lori likipoteza upepo, springi za breki zinafunga magurudumu, stata haitavuta kitu. Ndiyo maana kabla ya kuingia kivukoni unaangalia geji: kama king'ora cha upepo mdogo kinalia (kwa kawaida karibu bar 4), usiingie, hata kama njia ni nyeupe.

---

MamaSemi

Kwa masharti hayo nakubali. Shida ni kwamba mtu akishashika ufunguo hashuki kwa sekunde kumi.

---

KichwaChaTreni

Nimeona hakuna aliyegusa vivuko visivyo na taa wala geti, vyenye alama ya msalaba tu. Mendon, Missouri, 27 Juni 2022, lori la kumwaga mzigo liligongana na treni ya abiria kwenye kivuko cha aina hiyo, watu 4 walikufa. Barabara ilikuwa na mwinuko mkali na inakata reli kwa mshazari wa digrii 45 hivi. Kwenye mshazari upande mmoja unauona kwa urahisi na mwingine uko nyuma ya bega, umefichwa na nguzo ya kebini na kioo cha pembeni. Simama mapema, ukilielekeza gari kwa pembe itakayokufungulia ule upande wa bega. Inama mbele, kisha rudi nyuma, utazame pande zote mbili za nguzo. Kama una utingo, ashuke atazame. Hiyo ndiyo kazi yake pale.

Na pikipiki wasisahau mshazari huo. Upenyo wa gurudumu la treni kati ya reli na lami una milimita 65 hivi, tairi jembamba linaingia lote. Vuka reli kwa pembe karibu na mraba, hata kama ni kwa kuchukua mkunjo kidogo ndani ya njia yako, bila kushika breki wala kuongeza mafuta juu ya chuma kilicholowa.

---

Dereva_Mgeni

Swali la mwisho kwa GiaYaKwanza. Mita 25 za upande wa pili, yaani urefu wa semi na zile mita 5, nitazijuaje usiku nikiwa nyuma ya usukani?

---

GiaYaKwanza

Hutazijua usiku. Unazipima mchana mara moja kwa kila kivuko cha ruti yako. Paki pembeni, shuka, nenda upande wa kutokea, anza kuhesabu kutoka reli ya mwisho: hatua 33 za sentimita 75 ni mita 25 kasoro kidogo, piga 34. Angalia umesimama karibu na nini kisichohama: nguzo ya umeme, kalvati, mwanzo wa ukingo. Kiandike kwenye karatasi ya ruti pamoja na namba ya kivuko na namba ya simu ya kibaoni.

Usiku unasimama kabla ya mstari, hata kama waliopo nyuma wanapiga honi. Gari la mbele yako taa zake za nyuma zikishapita nguzo hiyo na bado linatembea, ndipo unaanza kutazama kushoto na kulia.